Mashindano ya Roboti kwa Wanafunzi: Linganisha Vikwazo Kabla ya Kuchagua

Mwalimu anayetaka kuanzisha timu ya roboti, au mzazi ambaye mtoto wake ameomba kujiunga na timu, kwa kawaida huanza na swali moja: ni mashindano gani yanayompa mwanafunzi uhuru mkubwa zaidi wa kubuni? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara nimelazimika kuligeuza kabla ya kulijibu. Mwanafunzi aliyefunguliwa karakana nzima na kuambiwa atengeneze chochote anachotaka hukaa akiitazama. Mwanafunzi aliyekabidhiwa mota nne, meza moja na dakika mbili na nusu huanza kubishana na wenzake kabla hata sanduku la vipuri halijafunguliwa lote. Mashindano yote ya roboti yana vikwazo, na tofauti kati yao iko katika jambo ambalo kila kikwazo kinalizuia, kwa kuwa akili ya wanafunzi huelekea kule ambako kanuni zimeacha nafasi. Kwa hiyo anayechagua mashindano anachagua aina ya tatizo ambalo wanafunzi wake watalala na kuamka nalo kwa miezi kadhaa.

Nitalinganisha mashindano sita ambayo timu nyingi duniani huyafikiria: FIRST LEGO League, FIRST Tech Challenge, FIRST Robotics Competition, VEX V5, World Robot Olympiad na RoboCupJunior. Mengine nitayagusa pale yanapofafanua jambo. Vipimo ninavyovitaja ni vya misimu ya karibuni isipokuwa nikisema vinginevyo, na kwa kuwa kanuni hurekebishwa karibu kila mwaka, mwongozo wa msimu husika ndio wenye neno la mwisho.

Kikwazo kimekuwa kiini cha mashindano haya tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970, Woodie Flowers, profesa wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliwapa wanafunzi wa somo lake la usanifu vifaa vilevile, mtu mmoja mmoja, na kuwataka watengeneze mashine za kushindana. Nchini Japani, Masahiro Mori wa Tokyo Institute of Technology aliwataka wanafunzi wake watengeneze chombo cha kubeba mtu kwa nguvu ya betri kavu mbili tu, na wazo hilo likawa msingi wa mashindano ya Robocon yaliyoanza kurushwa na televisheni ya NHK mwaka 1988. Mwaka 1989 mvumbuzi Mmarekani Dean Kamen alianzisha FIRST, shirika linaloendesha mashindano yenye jina hilo, akishirikiana na Flowers, na mwaka 1992 timu 28 zikakutana katika ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire, Marekani. Walimu hao hawakubana vifaa kwa sababu ya ufukara. Walitaka kuona akili ikifanya kazi bila kufichwa na wingi wa vifaa.

Vipuri: sanduku lililofungwa na karakana iliyo wazi

Tofauti ya kwanza kuiangalia ni mahali ambapo vipuri vinatoka. Upande mmoja kuna FIRST LEGO League, ambako roboti hujengwa kwa vipuri vya LEGO pekee, kwa kidhibiti kimoja, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza roboti, na mota zisizozidi nne. VEX V5 iko karibu na upande huo. Karibu kila kipande hutoka kwa mtengenezaji mmoja, na kando ya hapo timu huruhusiwa vitu vichache kama skrubu, kamba, raba bendi na plastiki. Hata plastiki hiyo imepimwa: katika misimu kadhaa iliyopita ilikuwa vipande 12, kila kimoja kikiwa na ukubwa usiozidi sentimita 10 kwa 20 hivi na unene usiofikia milimita 2. Kipande kilichochapishwa kwa printa ya 3D, kwa wanafunzi wa sekondari, kinaweza kuwa pambo la roboti lakini hakiwezi kufanya kazi yoyote ndani yake.

Upande wa pili kuna FIRST Tech Challenge, ambako timu inaweza kukata alumini, kuchonga mbao na kuchapisha vipande vyake yenyewe, ilimradi mota na kidhibiti viwe vile vilivyoidhinishwa. FIRST Robotics Competition imefungua zaidi kwa upande wa umbo la roboti, ingawa mfumo wake wa umeme umebanwa vikali. RoboCupJunior inaruhusu hata bodi za elektroniki zilizosanifiwa na wanafunzi wenyewe. Sharti lake kubwa ni kwamba kazi iwe ya wanafunzi, na timu huhojiwa na waamuzi ili ithibitike kuwa walioileta roboti ndio walioitengeneza.

Ukitembelea meza za VEX, utaona jinsi sanduku lililofungwa linavyofanya kazi. Kila timu ina vyuma vilevile vya alumini vyenye matundu yaliyopishana kwa nusu inchi, na kwa sababu hakuna anayeweza kununua kipande bora kuliko cha jirani yake, ubora hutafutwa katika mpangilio. Mwanafunzi hugundua kwamba ekseli iliyoshikiliwa upande mmoja huinama na kula nguvu ya mota, na kwamba skrubu iliyokazwa kupita kiasi kwenye kiungo cha mkono huugeuza mkono huo kuwa breki. Raba bendi ya kawaida, ile ya kufungia karatasi, hupewa kazi ambayo hakuna aliyeitarajia: timu hutandaza raba bendi nyingi kati ya gia mbili za mnyororo, zikawa kama ngoma laini inayozunguka, na mpira unapoigusa hunaswa na kupandishwa juu. Hakuna kipuri cha namna hiyo kilichouzwa kwa kazi hiyo. Kilizaliwa kwa sababu timu zililazimika kutumia vilivyoruhusiwa tu.

Kwenye FIRST Tech Challenge mwanafunzi mwenye tatizo hilohilo hukaa mbele ya kompyuta, huchora gurudumu laini la kunasia mpira, hulichapisha usiku na kulijaribu asubuhi. Anajifunza jambo jingine, nalo lina uzito wake. Anajifunza kuchora kwa vipimo, kuacha nafasi ya milimita kati ya vipande viwili vinavyopaswa kuteleza, na kutambua kwamba kipande kilichochapishwa hupasuka kwa urahisi kufuata matabaka yake, kwa hiyo upande kinaolazwa kwenye printa huamua kama kitadumu mechi tano au mechi moja. Hiyo ni elimu ya usanifu na utengenezaji, na inahitaji vifaa, muda na mtu mzima anayejua kuisimamia. Mkono mtupu haulambwi: timu isiyo na printa wala mashine ya kukatia itaingia katika mashindano yaliyo wazi na kujikuta inatumia vipuri vya dukani tu, huku uhuru uliotangazwa ukiwanufaisha wenzao.

Ni haki kusema pia kwamba si kila kikwazo cha vipuri kimewekwa kwa ajili ya elimu. Kanuni inayotaka vipuri vya mtengenezaji mmoja huleta usawa, lakini pia humhakikishia mtengenezaji huyo soko, na timu hubaki ikitegemea bei na upatikanaji wa bidhaa zake. Mchaguzi aliyekomaa huyatazama yote mawili. FIRST Global Challenge, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mjini Washington mwaka 2017 kwa utaratibu wa timu moja kwa kila nchi, imelitatua suala la usawa kwa kuzipelekea timu zote seti ileile ya vipuri. Kwa maoni yangu huo ndio usawa unaoeleweka kwa urahisi zaidi, ingawa nafasi ya kushiriki ni ya wachache.

Mota: pale ambapo kupanga ni kuchagua

Kama ningeruhusiwa kusoma kanuni moja tu ya kila mashindano kabla ya kuchagua, ningesoma ile inayohusu nguvu. Kanuni ya nguvu ndiyo inayowalazimisha wanafunzi waamue roboti yao haitafanya nini, na uamuzi huo ndio mgumu kuliko yote.

Chukua VEX V5. Tangu msimu wa 2023–2024, jumla ya nguvu ya mota zote haipaswi kuzidi wati 88. Zipo mota za wati 11 na za wati 5.5. Timu inayotaka roboti yenye kasi na isiyosukumwa kirahisi huweka mota sita kubwa kwenye magurudumu, na tayari wati 66 zimekwisha. Zimebaki 22. Kwa hizo wanaweza kupata mota mbili kubwa, au moja kubwa na mbili ndogo, au nne ndogo, na kwa hicho kidogo lazima wapate kifaa cha kukusanya, mkono wa kuinua na chochote kingine ambacho mchezo wa mwaka huo unadai. Nimekaa na wanafunzi mbele ya ubao wakati wa hesabu hii. Kila mmoja ana sehemu yake anayoipenda, na kila mmoja anaiona sehemu yake kuwa ndiyo ya lazima. Mabishano huwa makali, na huwa ya kihandisi kweli, kwa sababu hakuna anayeweza kumaliza ubishi kwa kusema “tuongeze nyingine”.

Kutoka katika ubishi wa aina hiyo ndipo wanafunzi hufikia mbinu ya kuazima nguvu. Baadhi ya timu hutumia pistoni ndogo ya hewa kusogeza gia, ili mota zilezile zinazoendesha magurudumu ziweze, kwa sekunde chache, kuachana na magurudumu na kuvuta mkono wa kupandia au kukaza kifaa cha kurushia. Kifaa hicho ni kigumu kukitengeneza: gia zikikutana meno kwa meno hukataa kuingia, na hewa ya tangi huisha kabla ya mechi kwisha kama hukuihesabu. Lakini mwanafunzi aliyekifanikisha ameelewa kwa mikono yake kwamba nguvu ni mali ya roboti nzima na inaweza kupelekwa popote inapohitajika.

FIRST LEGO League hufika mahali hapohapo kwa njia ndogo zaidi. Katika mota nne, mbili huenda kwenye magurudumu. Mbili zilizobaki zinapaswa kutekeleza kazi zote zilizopangwa juu ya meza ya mashindano, na kwa kuwa kazi ni nyingi, timu hutengeneza viambatisho vinavyobadilishwa kila roboti inaporudi nyumbani, yaani kwenye eneo lake la kuanzia. Kila badiliko linakula sekunde katika dakika mbili na nusu. Niliwahi kumtazama msichana wa miaka kumi na miwili akipambana na kiambatisho kilichofungwa kwa pini nne. Alikuwa akitumia sekunde nane kukivua na kukivalisha, na vidole vyake vilitetemeka. Wiki iliyofuata alirudi na kingine kisicho na pini hata moja: kilikaa juu ya roboti kwa uzito wake, na gia yake iliangukia moja kwa moja juu ya gia ya mota. Sekunde nane zikawa mbili. Baadaye akatengeneza kingine kisichotumia mota kabisa, wenzo uliovutwa kwa raba bendi ambao uliachiwa pale tu roboti ilipogusa kifaa cha mezani. Hakuna aliyemfundisha. Mota zilikuwa zimemwishia.

FIRST Tech Challenge inaruhusu mota nane, pamoja na servo kadhaa, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa, kwa kazi ndogo. Ubanaji wake ni wa wastani: nne huenda kwenye magurudumu karibu kila mara, na nne zilizobaki hutosha bila kuleta mabishano ya kuumiza kichwa. Kwa FIRST Robotics Competition mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa mota zinaweza kuwa nyingi lakini zote zinakunywa kutoka kwenye betri moja ya volti 12. Roboti ikisukumana na nyingine huku ikiinua mkono wake, umeme hushuka, kidhibiti hujilinda kwa kuzima mota, na dereva huona roboti yake ikikata na kurudi kama mtu mwenye kwikwi. Wanafunzi hulazimika kuandika programu inayopanga ni mota ipi ipewe umeme kwanza na ipi isubiri. Anayetaka mwanafunzi aelewe umeme kwa undani hatapata darasa bora kuliko hilo.

Ukubwa na uzito

FIRST Tech Challenge na VEX V5 zote zinadai kwamba roboti ianze mechi ikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18, yaani sentimita 45.7 kila upande. World Robot Olympiad, katika kitengo chake cha RoboMission, inabana zaidi: sentimita 25 kila upande. Kwa mtazamo wa kwanza hii ni kanuni ya usafirishaji tu, lakini ndiyo iliyozaa baadhi ya mifumo mizuri zaidi katika mashindano haya, kwa sababu mchezo mara nyingi huweka alama za juu mahali ambapo mchemraba huo haufiki. Roboti inapaswa kuzaliwa ndogo na kukua. Timu za FIRST Tech Challenge hufunga reli za kuteleza, za aina inayofanana na zile za droo, moja juu ya nyingine, kisha huzipitishia uzi kupitia roda ndogo ili mota moja ivute zote. Namna uzi unavyopita huamua kama reli zitapanda zote kwa pamoja, kwa kasi lakini kwa kuhitaji nguvu nyingi, au moja baada ya nyingine, polepole na kwa wepesi. Hakuna jibu moja sahihi, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Mfano mwingine ni msimu wa VEX wa 2022–2023. Kanuni ya ukubwa ililegezwa katika sekunde kumi za mwisho, na kila kigae cha sakafu ambacho roboti ilikuwa inakigusa mwishoni kiliongeza alama. Wanafunzi waliisoma kanuni hiyo kwa makini, wakaona kwamba neno lililotumika ni kugusa tu, na wakaanza kurusha nyuzi. Roboti iliyokuwa imekaa kwa utulivu ilifyatua uzani mdogo uliofungwa uzi, uzi ukatanda juu ya vigae kadhaa, na uwanja ukaonekana kama umefumwa na buibui. Hiyo ndiyo maana halisi ya kusoma kanuni kama mhandisi.

Katika FIRST Robotics Competition kikwazo kinachouma ni uzito. Kikomo kilikuwa kilo 56.7 hadi mwaka 2024, kikashushwa hadi kilo 52.2 mwaka 2025, bila kuhesabu betri na mito ya kujikinga kwa migongano. Timu iliyozidi kwa kilo mbili siku ya ukaguzi huonekana ikitoboa matundu kwenye kila bamba la alumini, kisha hugundua kwamba chasisi iliyotobolewa ovyo hupinda. Mwaka ujao timu hiyo hupima kila kipande kabla ya kukikata.

Mashindano hayohayo yana kumbukumbu mbili zinazoonyesha uhusiano wa kanuni na ubunifu kwa pande zote mbili. Mwaka 2002, timu namba 71 kutoka Hammond, Indiana, ilitumia brashi za chuma za kusafishia tupa kama nyayo. Meno yake madogo yalishika zulia la uwanja, roboti ikajivuta polepole ikiwa imeyabana magoli yote matatu, na hakuna aliyeweza kuisukuma. Ilishinda ubingwa. Leo kanuni zinakataza sehemu ya kushikia sakafu iliyo ya chuma au yenye meno yanayoweza kuharibu uwanja, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Mwaka 2009 waandaaji walifanya kinyume: waliweka sakafu ya plastiki inayoteleza na kuzitaka timu zote zitumie magurudumu yaleyale yasiyoshika, ili kukumbusha mvuto mdogo wa mwezini. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kununua mshiko, wanafunzi walielekea kwenye programu za kuzuia magurudumu yasizunguke bure, na wapo waliofunga hata feni za kusukuma hewa. Wengi waliulalamikia msimu ule. Mimi nauona kuwa ushahidi mzuri kwamba kufunga mlango mmoja kabisa kunaweza kufungua mwingine ambao hakuna aliyekuwa akiuangalia.

Muda, na kikwazo kilichokosea shabaha

Hapa nitakuwa mfupi, isipokuwa kwa jambo moja linalostahili kukumbukwa. Kwa miaka mingi FIRST Robotics Competition iliwapa wanafunzi takriban wiki sita za kujenga tangu mchezo ulipotangazwa mwezi Januari, kisha roboti ikatiwa ndani ya mfuko na kufungwa kwa lakiri hadi siku ya mashindano. Nia ilikuwa kuwalinda wanafunzi na walimu wasichoke. Ilivyotokea ni kwamba timu zenye uwezo zilijenga roboti ya pili, zikaendelea kufanya mazoezi nayo huku ya kwanza ikiwa mfukoni, na timu zisizo na uwezo zikabaki zinautazama mfuko wao. Kanuni hiyo iliondolewa kuanzia msimu wa 2020. Kikwazo ambacho mwenye fedha anaweza kukizunguka humbana asiye nazo peke yake, na ni vizuri kukisaka kikwazo cha namna hiyo katika mashindano yoyote unayoyafikiria.

World Robot Olympiad inautumia muda kwa namna nyingine inayonivutia sana. Siku ya mashindano, katika RoboMission, hutangazwa kanuni ya ghafla ambayo wanafunzi hawakuijua kabla, na hupewa muda mfupi wa kurekebisha roboti na programu. Timu iliyoandikiwa programu na mtu mzima hunaswa pale pale.

Nani anaendesha?

FIRST LEGO League, RoboMission na RoboCupJunior hazina dereva kabisa: roboti ikishaondoka mahali pa kuanzia, mwanafunzi hutazama tu. Mengine matatu yana kipindi cha kujiendesha kikifuatiwa na kipindi cha dereva, na uwiano wake unatofautiana kuliko watu wanavyodhani. FIRST Tech Challenge ina sekunde 30 za kujiendesha katika mechi ya dakika mbili na nusu, yaani moja ya tano. VEX V5 ina sekunde 15 katika dakika mbili, yaani moja ya nane. FIRST Robotics Competition, hadi msimu wa 2025, ilikuwa na sekunde 15 katika dakika mbili na nusu, yaani moja ya kumi.

Dereva anapokuwepo, kasoro nyingi za roboti hufichwa na vidole vyake. Mkono unaolegea kidogo hurekebishwa kwa jicho. Dereva anapoondolewa, kasoro yote huhamia kwenye vihisi na programu, na ubunifu huwa wa aina nyingine: mtoto wa FIRST LEGO League hujifunza kuigonga roboti ukutani kwa makusudi ili inyooke kabla ya kwenda mbali, na kijana wa RoboCupJunior anayeshiriki soka huweka kamera ikitazama juu kwenye kioo chenye umbo la pia ili aone uwanja mzima kwa mara moja. Mwanafunzi anayependa hesabu na programu lakini anaogopa kelele za ukumbi hupumua vizuri zaidi katika mashindano yasiyo na dereva. Yule anayechangamka mbele ya watu, anayesoma mpinzani na kubadili mpango katikati ya mechi, angenyimwa sehemu kubwa ya kipaji chake huko.

Kwa nini roboti hufanana hata pale kanuni zinapolegea

Jambo hili huwashangaza wageni. Ungetegemea mashindano yaliyo wazi zaidi yawe na roboti za aina nyingi zaidi, na mara nyingi haiko hivyo. Katika FIRST Robotics Competition inaruhusiwa kununua sehemu zilizotengenezwa tayari, na katika miaka ya karibuni mfumo wa magurudumu yanayojigeuza kila moja kivyake umekuwa ukiuzwa ukiwa kamili, hivyo timu nyingi huununua na chasisi zao zikafanana kama sare. Tangu mwaka 2013 pia wapo wanaojenga roboti ya mfano ndani ya siku tatu baada ya mchezo kutangazwa na kuionyesha hadharani. Timu changa hunufaika sana, lakini wanafunzi wengi huacha kufikiri siku ya nne. VEX, pamoja na sanduku lake lililofungwa, inapata tatizo hilohilo kupitia video: muundo ulioshinda mapema huigwa kila mahali ndani ya wiki chache.

Kinacholeta utofauti, kwa niliyoyaona, ni mchezo wenye njia mbili au tatu za kupata alama zenye thamani inayokaribiana, pamoja na kikwazo cha nguvu au uzito kinachozuia roboti moja kuzifanya zote. Kwa hiyo usiishie kwenye sura ya kanuni za ujenzi. Soma pia jinsi alama zinavyotolewa.

Uchaguzi wenyewe

Kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili, na kwa mwalimu anayeanza, ningechagua FIRST LEGO League bila kusita. Mota nne na vipuri visivyohitaji msumeno huwaacha watoto wafanye kazi wenyewe, na hilo kwangu lina uzito kuliko yote. Mtoto wa umri huohuo anayependa programu kuliko ujenzi atafaidi zaidi World Robot Olympiad, kwa sababu ya ile kanuni ya ghafla.

Kwa timu ya sekondari isiyo na karakana, VEX V5 ndiyo yenye haki zaidi. Chumba kimoja, spana chache na kabati la kufuli vinatosha, na ubishi wa wati 88 utawafundisha kuchagua kuliko mhadhara wowote. Ila mwanafunzi ambaye tayari anachora kwa kompyuta na ana hamu ya kutengeneza vipande vyake atajisikia amefungwa mikono ndani ya msimu mmoja. Huyo mpeleke FIRST Tech Challenge, mradi pawepo printa na mtu wa kumwongoza.

FIRST Robotics Competition ninaipendekeza kwa shule iliyo tayari kwa kazi ya watu wengi: fundi, mwandishi wa programu, mtafuta wafadhili, mpanga ratiba. Ni kubwa, ni ghali, na hatari yake ni watu wazima kushika spana huku wanafunzi wakisimama pembeni. Kama huna wanafunzi wa kutosha kujaza kazi hizo, ahirisha. RoboCupJunior nayo ni ya kikundi kidogo, hata cha watu wawili au watatu, wanaopenda elektroniki na wenye subira ya kukaa na kosa moja la programu kwa juma zima. Vikwazo vyake vichache vya vipuri huwatupia mzigo wote wanafunzi wenyewe, na asiyeweza kujiwekea mipaka yake mwenyewe atafika siku ya mashindano na roboti iliyokamilika nusu.

Ukishabaki na mawili, chapisha sura ya ujenzi wa roboti kutoka mwongozo wa kila moja, uwagawie wanafunzi kalamu, na uwaombe wapigie mstari kila kanuni inayowakera. Kisha waulize wangefanya nini kuhusu kila mstari waliouchora, na uandike majibu yao. Mwongozo utakaowafanya wasahau kwamba muda wa kipindi umekwisha ndio wa kujisajili nao.